Kikohozi cha Gari la Mahari

Shemeji yangu Ngusa ana tabia moja ambayo, kama ingekuwa ugonjwa, ningeshampeleka hospitali zamani. Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, alikuwa anaingia kwenye Korola ya kaka yake, anawasha, anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Vuuum! Vuuum! Vuuum! Watoto wa wapangaji wanaamka wakilia, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia, moshi unaingia jikoni kwangu na kukaa juu ya uji. Dakika mbili tu. Kisha anazima, anashuka, anajifuta mikono kwa kitambaa kana kwamba katoka kuzalisha.

"Nalipasha moto, shemeji," ananiambia. "Gari lisipopashwa linakufa."

Gari lenyewe halikuwa na safari. Mume wangu Mayala anafanya kazi mgodini, upande wa Bugarama, anachukuliwa na basi la kazini na kurudishwa na basi la kazini, na nyumbani hapa Kahama tunamwona mara moja kwa mwezi, mara mbili akitukumbuka sana. Korola ilikuwa inakaa uani chini ya turubai, kuku wakilala juu yake, ikisubiri siku ya kwenda harusini au msibani.

Sasa nisimtupie Ngusa mzigo wote. Mimi napenda watu. Siku ikipita bila mgeni kukaa kwenye kile kibaraza changu, nahisi kama nimefiwa. Na mgeni wangu, akishakunywa chai na kunipa habari za nani kamkimbia nani, lazima aonyeshwe gari. Na gari la kuonyeshwa bila kuunguruma ni sawa na redio isiyo na betri. "Ngusa, hebu liwashe kidogo Mama Hosiana alisikie." Vuuum! Wanawake wa jumuiya wakija kusali, vuuum! Mpangaji mpya akija kuulizia chumba, vuuum! Siku zenye baraka lilikuwa linawashwa mara tano, sita, na magurudumu hayajasogea hata hatua ya mtoto.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwanangu Luka alipotaka kuoa.

Msichana anaitwa Ritha, binti wa Mzee Maganga wa Ushetu, mkulima wa tumbaku mwenye ng'ombe wasiotosha kwenye zizi moja. Mzee alitaka ng'ombe, kama wazee wote wa kwetu. Sisi ng'ombe hatuna, ni watu wa mjini, hata mayai tunanunua dukani na kuku tunao. Mazungumzo yakakwama wiki tatu. Na wakati yamekwama, akajitokeza mchimbaji mmoja kutoka Nyarugusu, duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limetema dhahabu juzi tu, anatembea na viatu vyeupe kwenye vumbi, anasema ng'ombe wa mahari anao, waseme tu wanataka wa rangi gani. Luka akaacha kula. Kijana wa miaka ishirini na saba, fundi umeme, anaangalia ugali kama anaangalia barua ya polisi.

Ndipo Mzee Maganga mwenyewe alipotuma neno. Mke wake ana sukari, kila mwezi analetwa kliniki Kahama kwa pikipiki, na mgongo umekataa. Kasikia tuna gari linalokaa tu. Tukimpa gari, ng'ombe tusihangaike nao. Lakini atakuja kulikagua kwanza. Likiwa zima, Ritha ni wetu. Likiwa bovu, yeye hana muda wa kusubiri watu wasio na zizi.

Mayala alikubali kwenye simu bila kusita. "Mpeni," alisema. "Mimi lenyewe naliona mara moja kwa mwezi, na hata hiyo mara moja Ngusa ndiye anakaa kwenye usukani."

Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kesho yake asubuhi, Ngusa kama kawaida kaingia, kawasha, na kabla ya ile vuuum nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia. Ka-ka-ka-ka-ka-ka. Kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko huko ndani. Ukaendelea, ukaendelea, halafu ukapotea.

"Ngusa, hiyo nini?"

"Baridi tu, shemeji. Ni Julai."

"Baridi ya Kahama? Hii ni Njombe?"

"Ndiyo maana nalipasha!"

Nikamwita fundi Selestine, ana gereji yake nyuma ya soko, mtu mfupi asiyecheka na mteja mpaka kazi iishe. Alifika, akatusalimia, akafungua boneti. Akazungusha ule mfuniko wa kutilia oili, akaugeuza, akanionyesha chini yake. Palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama maziwa ya mgando.

"Mama Luka, nani anakamua humu?"

Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa Luka anuse. Petroli. Akakivuta kati ya vidole viwili.

"Na oili hii ya lori nani kaitia?"

Macho yote yakamgeukia Ngusa. Ngusa alikuwa utingo wa malori ya pamba miaka saba, na kwa miaka hiyo saba anajiona profesa wa kila chenye magurudumu. "Nzito ndiyo yenye nguvu," alisema. "Nyepesi ile ni maji. Mimi nilitaka injini ya kaka ikae."

"Ikae, itakaa tu," Selestine alisema. "Sogeeni niwaambie, nisije nikarudia. Gari likikaa, oili yote inashuka chini kabisa ya injini."

"Kwenye mchuzi mafuta yanapanda juu," nikamwambia.

"Hii siyo mchuzi, Mama Luka. Huku juu panabaki pakavu. Ukiwasha, zile sekunde za kwanza ni chuma kinasugua chuma mpaka oili ipande ifike. Kila ukiwasha, injini inalika kidogo. Hilo halikwepeki, gari lazima liwashwe. Lakini wewe Ngusa, mtaa mzima unakusikia, unawasha mara sita kwa siku bure, kwenda popote huendi. Na bado unapiga resi palepale, chuma kikavu kinazungushwa kwa fujo. Na oili ya lori ni nzito kama asali, inachelewa kupanda. Umelila gari kwa kijiko, shemeji mtu."

"Lakini si lilikuwa linapata moto?" Ngusa hajakubali.

"Dakika mbili ni moto gani? Hizo unachemsha hata chai? Injini bado ya baridi inamwagiwa petroli nyingi, haiungui yote, inateremka kwenye oili. Mvuke nao unageuka maji humo ndani, na hakuna moto wa kuyakausha. Ndiyo haya maziwa yenu. Na baridi nisemayo siyo ya hewa. Hata lingekuwa jua la Oktoba, injini iliyolala usiku kucha ni ya baridi."

Akamwaga oili ile nyeusi, ikatoka na harufu ya kituo cha mafuta. Akatia nyepesi, ile inayotakiwa na gari lenyewe, akabadilisha na chujio. Halafu akaacha masharti: lisiwashwe kama hakuna safari. Likiwashwa, liachwe sailensa, lijiungurumie lenyewe polepole, mtu ahesabu mpaka thelathini, kisha liondoke taratibu bila kukanyagwa, mpaka mshale wa joto ufike katikati. Mara moja kwa wiki lipelekwe mbali, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Na oili ibadilishwe hata kama halijatembea, kwa sababu oili inazeeka hata imekaa.

"Na huu mlio?" Luka akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kama mgonjwa ataamka.

"Utapungua. Kilicholika hakirudi."

Nikachukua ufunguo, nikauweka chini ya godoro langu. Luka akawa analipeleka Isaka kila Jumapili na kulirudisha, taratibu kama alivyoambiwa. Ngusa akanuna wiki mbili. Alikuwa anakaa kibarazani anaangalia turubai kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa natafunwa na ulimi kila mgeni akija, lakini nilimwonyesha gari likiwa kimya. Ka-ka-ka ile ilikuwa inafupika kweli. Mwishoni zilibaki ka tatu, basi.

Mzee Maganga akatuma neno kuwa atakuja Jumamosi. Hakusema saa. Mimi nikajua wakwe wanakuja saa sita, mkwe anayejiheshimu hafiki kabla ya wali kuiva. Kumbe Ijumaa alishaingia mjini, akalala kwa ndugu yake. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasikia hodi, nafungua nikiwa na khanga moja na uso haujaona maji, nakuta Mzee Maganga na fimbo yake, na dada yake Euphrasia, shangazi wa Ritha, kajifunga kitenge kipya.

"Mwangaluka, Mama Luka."

"Mwangaluka! Shikamoo, Baba Ritha. Mbona mapema hivi, kwema?"

"Marahaba. Kwema. Ng'ombe hukaguliwa asubuhi," alisema, "kabla hajanywa maji."

Kila aliyewahi kufika mnadani anaelewa. Mtu akitaka kuuza ng'ombe aliyekonda, anamlambisha chumvi usiku, alfajiri anamnywesha ndoo na ndoo, tumbo linajaa, unamnunua ukidhani mnene. Kwa hiyo mnunuzi mjanja anakuja mapema, anakuta tumbo tupu, anaona mbavu zilivyo.

Hakukaa, hakutaka chai. Akaenda moja kwa moja uani, akatoa turubai, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo. Akakihamisha, akakiweka pengine. Kisha akanigeukia.

"Mama Luka. Lina joto."

Nikadhani anatania. Nikaweka mkono wangu. Joto! Joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango! Ufunguo uko chini ya godoro, na godoro nimelilalia mimi.

"Ngusa!"

Alitokea nyuma ya choo, kavaa shati la Krismasi. Nikamwangalia tu, naye akaanza kuongea kabla sijauliza. Kwamba ufunguo mwingine alishachongesha stendi tangu mwaka jana. Kwamba aliamka saa kumi na moja, mimi nikiwa usingizini, akaliwasha, akaliacha linaunguruma polepole dakika arobaini, ili wakwe wakija, wakati wowote watakapokuja, wasisikie ule mlio. Na hakupiga resi hata moja, alisema, kama mtu anayetaka kupongezwa. Fundi alishamkataza resi, siku aliyomsikia ndiyo hiyo.

"Mlio upi?" Mzee Maganga akauliza.

Ngusa akaanza kukagua vifungo vya shati lake.

"Mmelinywesha," alisema. Hakupandisha sauti. "Kaka yangu mmoja aliwahi kuuziwa dume la hivyo. Lilikufa kabla halijafika nyumbani."

Luka alikuwa ametoka na mswaki mdomoni. Povu likabaki pale pale. Nikamwona akiangalia lango, na nikajua anamwona yule wa viatu vyeupe akiingia kwa wakwe zake.

"Baba Ritha, usiondoke," nikasema. "Nakuomba, kaa."

"Nani kasema naondoka? Ng'ombe aliyenyweshwa anasubiriwa akojoe." Akanyoosha mkono. "Nipe funguo. Zote mbili."

Akazitia mfukoni, akaomba kigoda, akakaa pembeni ya lile gari. Nikampigia Selestine simu kumuuliza litapoa lini. Akasema kama mnataka baridi ya kweli ni kesho asubuhi, halafu akaniuliza Ngusa bado ni mzima.

Jamani, siku ile! Mimi ni mtu wa nyumba kujaa, lakini ile haikuwa kujaa, ilikuwa msiba bila marehemu. Habari ilifika sokoni kabla sijaosha uso. Mama Hosiana akaja na mwenzake, wapangaji hawakwenda kazini, watu ambao sijawahi kuwaona wakasimama langoni wakiulizana kama mzee anamlinda mwizi. Chai, mihogo, wali, kuku wawili. Kila saa Mzee anainuka, anaweka kiganja juu ya boneti, anatikisa kichwa, anakaa. Watu wanauliza, "Vipi?" Naye anajibu, "Bado."

Euphrasia ndiye aliyeniokoa. Huyu mama anajua habari za Ushetu nzima, nyumba kwa nyumba, na mimi za Kahama ninazo. Tulimenya vitunguu tukibadilishana. Alinong'ona kuwa kaka yake hamtaki yule mchimbaji, anamwona mtu wa kelele, lakini hawezi kumwoza binti yake kwa watu wanaomwonyesha boneti ya moto.

"Tatizo siyo gari, Mama Luka," alisema. "Tatizo mmemfanya mjinga. Na ng'ombe wa yule wa Nyarugusu tayari wameshasimama kwa jirani yetu. Kesho tukirudi mikono mitupu, keshokutwa wanaingia kwetu."

Nikajikata kidole.

Mzee alilala ndani ya gari, kiti cha mbele kimelazwa nyuma, na akaniambia baadaye kuwa hajawahi kulala vizuri namna ile. Alfajiri uani kulijaa. Selestine alikuja, mikono nyuma. Mzee akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa nacho muda mrefu. Baridi.

"Wewe uliyelinywesha," akamwambia Ngusa, akimpa ufunguo. "Washa."

Ngusa aliingia akijifuta viganja kwenye suruali. "Ukikanyaga mafuta," Luka alimwambia dirishani, "baba mdogo, leo nakuzika." Ufunguo ukazunguka. Ka-ka-ka. Kisha laini, sailensa, kama paka aliyeshiba.

Mzee akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Hiyo ni kawaida, mzee," Ngusa akaanza, akitoa kichwa nje. "Magari yote ya Japani yana ule mlio wa, wa kuamkia..."

"Ngusa, funga mdomo!" nilisema. Nilikuwa nimechoka. Nimepika siku nzima, nimejikata kidole, mtoto wangu ana siku mbili hajala, na huyu bado anasokota uongo. "Baba Ritha, huo ni mlio wa ujinga. Gari lilikuwa linawashwa kila asubuhi bila safari, linapigwa resi likiwa la baridi, kwa kuwa tuliamini tunalitunza. Na mchana lilikuwa linawashwa kwa ajili yangu, wageni wasikie. Tukalitia na oili ya malori. Tumelilisha vibaya sisi wenyewe, limelika ndani. Fundi huyu hapa. Jana tulikuficha, na nimeona aibu usiku mzima. Sasa umejua yote, fanya unavyotaka."

Luka alifunika uso kwa mikono. Mama Hosiana akasema "Yesu!" kwa raha kabisa.

Selestine akaulizwa. Akasema mlio ule zamani ulikuwa unafika hesabu ya kumi na tano, sasa ni tatu. Hautaisha. Lakini likiwashwa kwa safari tu, likaondoka taratibu, oili ikabadilishwa kwa wakati, litamfikisha mama kliniki miaka mingi. Likirudi kwenye mikono ya mtu wa resi, mwaka mmoja.

Mzee akamvuta dada yake pembeni, kwenye ukuta. Wakaongea Kisukuma chini chini. Mara mbili nikamwona Euphrasia akininyooshea kidole, na sikujua kama ni kwa heri. Wakarudi.

"Ng'ombe anayekohoa," Mzee alisema, "mnadani hatumrudishi kama mwenyewe kasema kikohozi. Lakini haji peke yake. Anakuja na mwenzake. Gari nalichukua. Na mtamba mmoja juu yake."

"Mtamba tutamtoa wapi?" nikauliza. "Sisi hatuna ng'ombe."

"Aliyelitia kikohozi hana?"

Ngusa alikuwa anashuka kwenye gari. Akasimama mguu mmoja nje, mmoja ndani. Anaye mtamba mmoja tu duniani, yuko kwa mama yao Msalala, amekuwa akimtaja tangu azaliwe kama vile anasoma chuo kikuu.

"Shemeji," alisema, "niambie neno."

"Neno ninalo, Ngusa, lakini hapa pana watoto."

Akamwangalia Luka. Luka naye akamwangalia, na macho yake yalikuwa yale ya siku alizoangalia ugali. Ngusa akakuna kichwa, akakuna tena, akasema kwa sauti ndogo kuwa mtamba mwenyewe ana doa jeupe kwenye paji, na kwamba anapenda kukwaruzwa nyuma ya sikio, wasisahau.

Vigelegele alivianza Euphrasia. Mimi nikapokea.

Waliondoka palepale, injini haijazimwa, maana Mzee alisema likizimwa litawashwa tena na yeye hataki lilike bure. Luka kwenye usukani, mkwe wake pembeni, macho kwenye mshale wa joto. "Taratibu," Mzee anasema. "Taratibu. Bado haujafika katikati." Gari likatoka langoni polepole hivi kwamba mama mwenye beseni la ndizi kichwani alilipita. Selestine akapiga kelele kuwa amesema taratibu, hakusema maiti, lakini hakuna aliyemsikiliza. Euphrasia alikuwa amekaa nyuma, akaona habari yetu haijaisha, akafungua mlango, akashuka, tukatembea pembeni ya gari tukiongea, mimi na khanga yangu na kidole changu kilichofungwa kitambaa, mpaka kwenye barabara ya lami. Hapo mshale ukafika katikati, Mzee akamwita dada yake apande, na Luka akageuka akanichekea kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

Nikarudi. Uani pamejaa sahani chafu na watu ambao hawajaambiwa waondoke. Ngusa kakaa kwenye kile kigoda cha Mzee, mahali gari lilipokuwa, anaangalia doa la oili kwenye udongo.

"Shemeji," aliniambia, "sasa asubuhi nitakuwa nafanya nini?"

Nikampa sufuria na sabuni.